Kibarazani kwa Mwalimu: Nimekwama Walawi 13

Barua za safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na nadhani sababu naijua. Januari kila mtu ana mpango. Februari mpango unaanza kuchechemea, na ikifika Machi watu wanakumbuka kwamba kuna bibi mmoja Dodoma anajibu barua. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana imenipeleka mahali ninapopajua. Nyingine nimezijibu kadiri nilivyoona zinataka.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka 33. Niliokoka miaka sita iliyopita. Kila mwaka naanza kusoma Biblia nzima kuanzia Mwanzo, na kila mwaka nakwama Mambo ya Walawi. Safari hii nimejikaza nikafika sura ya 13, nikaishia hapo. Kusali nako ni hivyo hivyo. Nikipiga magoti usiku, dakika tano maneno yameniishia, nasinzia kichwa kikiwa kitandani mpaka mume wangu ananiamsha nipande kulala. Wenzangu kwenye ushirika wetu wanasema wanasali saa mbili, saa tatu. Wakitoa ushuhuda naona aibu. Je, mimi nimeokoka kweli?*

Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo, usinikasirikie. Yaani wewe, fundi cherehani, umekwama Walawi 13? Hebu rudi kwenye sura hiyo hiyo uanzie mstari wa 47. Hapo habari za ngozi za watu zimekwisha, zinaanza habari za nguo: vazi la sufu, vazi la kitani, lililoota madoa ya kijani au mekundu. Kuhani analikagua, analifungia siku saba, analitazama tena. Likifuliwa na doa likafifia, halichomwi lote, anararua pale penye doa tu. Sasa niambie, katika usharika wenu mzima ni nani awezaye kuisoma sura hiyo kama mtu anayeshika kitambaa kuanzia asubuhi, anayejua nguo ya kutupa na nguo inayostahili kiraka? Wewe ulifika nyumbani kwako, ukadhani umepotea njia.

Hata hivyo sitakudanganya. Walawi si pa kuanzia, na mwendo uliojipangia unawashinda wengi. Biblia ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka lazima asome sura tatu na kitu kila siku, iwe siku ya harusi au ya msiba, watoto wawe wazima au wana homa. Ukikosa siku nne una deni la sura 13. Na deni la kusoma ni kama deni la kikoba: likishakuzidi, unaanza kupita njia ya nyuma ili usikutane na katibu. Watu wengi wanaoikimbia Biblia hawaichukii. Wanaionea haya.

Mimi kusoma Biblia nilifundishwa na mtu asiyejua kusoma. Niliolewa mwaka 1973, mwalimu mpya wa shule ya msingi, sketi imepigwa pasi na kichwa kimejaa. Mama mkwe wangu alikuwa na ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Siku zile kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na sisi walimu tulikuwa tukimaliza watoto asubuhi, jioni tunawafundisha wazazi wao chini ya miti. Mama alikuja darasani kwangu siku tatu, ya nne hakuonekana. Aliona haya kufundishwa na mkwe wake mbele ya wanawake wenzake. Basi tukawa tunasomea nyumbani, usiku, kwa koroboi, na kitabu kilichokuwapo ni Injili ya Marko, kale kajitabu kembamba ka peke yake.

Alisoma kwa kidole. Kilikuwa kimepinda kwa jembe, na kwenye kifundo kulikuwa na kovu la mundu. Kidole kinafika kwenye neno, kinasimama, midomo inahangaika bila sauti, kisha neno linatoka, na kidole kinasogea. Mistari mitatu ilitumaliza usiku. Mimi niliyezoea kumaliza sura nzima kabla maji ya ugali hayajachemka, nilikuwa naangalia utambi unavyotoa moshi nikisema moyoni, Bwana, tutafika lini?

Usiku wa tano au wa sita akaniuliza, "Huyu Yesu mbona ana haraka hivi?"

Sikumwelewa. Akarudisha kidole nyuma. *Mara alipopanda kutoka majini. Mara Roho akamtoa aende nyikani. Mara wakaziacha nyavu zao.* Akasema, "Kila mahali mara, mara. Ana safari gani?"

Mwanangu, mimi nilikuwa nimeisoma Marko tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nimeifanyia mtihani. Hilo neno "mara" nilikuwa sijawahi kuliona. Lilikuwapo miaka yote mbele ya macho yangu, nami nalipita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria.

Tulifika sura ya tano mavuno yakiwa yamekaribia. Unaikumbuka: Jairo anamsihi Yesu aje nyumbani, binti yake yu karibu kufa. Safari hii haraka ni ya kweli. Njiani, katikati ya msongamano, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake kwa nyuma, na Yesu anageuka kuuliza, *Ni nani aliyenigusa mavazi yangu?* Mama akaondoa kidole kwenye kitabu. Akakaa. Kisha akasema polepole, "Amesimama. Yule wa mara-mara, amesimama. Kwa mwanamke."

Usiku ule hakusoma tena. Alikaa akiitazama koroboi, nami kwa ujinga wa ujana nikafikiri amechoka, nikafunga kitabu. Nilikuja kuambiwa na mawifi zangu, miaka baadaye, habari za ugonjwa aliokuwa nao kabla hajamzaa mume wangu, na jinsi wanawake wenzake walivyokaa mbali naye. Ile ilikuwa sala, na mimi niliikatiza kwa kufunga kitabu. Kesho yake alikuja na jingine: "Na yule mtoto wa Jairo ana miaka 12. Alizaliwa mwaka ule ule mwenzake alipoanza kuugua." Hilo pia nilikuwa sijaliona.

Kwa hiyo anza na Marko. Ina sura 16. Ukisoma nusu sura kwa siku, siku 32 umemaliza, na ukikosa siku mbili hakuna katibu atakayekudai, endelea ulipoishia. Soma kwa sauti, hata kama ni ya chini. Yule Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa garini akisoma Isaya, na Filipo alimsikia; maana yake alikuwa anasoma kwa sauti. Macho yana tabia ya kurukaruka, mdomo unalazimika kupita kila neno. Ukifika penye neno linalokushika, la kukufariji au la kukukera, simama hapo hapo, usijilazimishe kufika mwisho wa sura. Sisi wa kwetu tumekulia na ng'ombe. Mchana anajaza tumbo tu, majani mengi hata hayajatafunwa sawasawa. Utamu wake yeye ni jioni, amelala zizini, anacheua.

Kisha lile daftari lako la vipimo vya wateja, ligeuze, uanzie ukurasa wa mwisho. Andika tarehe, na sentensi moja. Moja tu. "Leo nimeona kwamba alisimama." Sentensi hiyo ndiyo sala yako ya siku. Umwambie: Bwana, ulisimama kwa yule, simama na kwangu, maana mwenye nyumba anadai kodi na mtoto wa pili hajapona kikohozi. Hapo maneno hayawezi kukuishia upesi, kwa sababu huyatafuti hewani, unajibu ulichoambiwa.

Na yakiisha kwa dakika tano, yameisha. Sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe haichukui hata dakika moja, na kabla ya kuifundisha alisema *msipayuke-payuke*. Hao wa saa tatu siwahukumu. Ila mimi nimekesha mikesha mingi, na ninajua kwamba katika saa tatu za mkesha, kama saa moja hivi ni matangazo.

Kusinzia ni uchovu. Umekanyaga cherehani tangu saa mbili asubuhi, umepika, umeogesha watoto, halafu unaukabidhi kwa Mungu mwili uliobaki saa nne usiku. Petro, Yakobo na Yohana walisinzia Gethsemane, usiku ambao haukustahili usingizi hata kidogo, na hawakufukuzwa. Hamisha saa. Fungua kibanda chako dakika kumi mapema, mlango uache nusu, usome kabla ya kutia uzi. Halafu mchana, sali kazini. Unashona sare ya shule: mwombee mtoto atakayeivaa, jina lake limo kwenye hilo hilo daftari. Gauni la bibi harusi, vivyo hivyo. Nguo ya msiba, ndiyo zaidi.

Umeuliza kama umeokoka kweli. Asiyeokoka hasumbuki kwa nini anasinzia akisali, mwanangu. Analala tu.

*Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila asubuhi napokea mstari wa siku kwenye simu, naupenda, nauweka status, naendelea na ratiba. Wiki iliyopita ulikuwa Yeremia 29:11, nikaomba Mungu boomu, ile hela ya mkopo wa chuo, liingie kabla ya Ijumaa. Halikuingia. Mwenzangu wa chumbani anasema mimi ni Mkristo wa status. Imeniuma. Je, mstari mmoja kwa siku hautoshi?*

Marahaba. Mstari wa asubuhi ni andazi la kituoni. Linasogeza mtu, na kuna siku hata mimi nakula andazi. Lakini hakuna aliyekua kwa maandazi.

Chukua huo huo wa Yeremia. *Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.* Mtamu kweli. Sasa panda juu yake kidogo, usome kuanzia mwanzo wa sura. Utakuta ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliokwisha kuchukuliwa mateka hadi Babeli. Na katika sura ya 28, kabla yake tu, kuna nabii mwingine, Hanania, ametangaza hekaluni kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili. Unaweza kuwaza shangwe iliyokuwapo. Yeremia anawaandikia: hapana, ni miaka 70. *Jengeni nyumba, mkakae ndani yake. Kapandeni bustani, mkale matunda yake.* Ozeni wana wenu. Uombeeni amani mji huo wa ugenini. Hesabu mwenyewe: mtu mzima aliyesomewa barua ile alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa Babeli. Ni mtu huyo, aliyekwisha kuambiwa afungue mizigo, ndiye anayepewa mstari wa 11.

Sasa ule mstari si mwepesi tena, lakini una nguvu zaidi, maana unaweza kuubeba hata Ijumaa ambayo boomu halijaingia. Vivyo hivyo *Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu*, ambao nimeuona kwenye vioo vya nyuma vya daladala nyingi kuliko nilivyouona kwenye madaftari ya wanafunzi wangu. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mstari ulio juu yake unataja kushiba na kuona njaa. Mambo yote anayoyaweza ni hayo: kushiba bila kusahau, na kulala njaa bila kulaani.

Fanya hivi. Mstari wa siku ukiingia, usiuweke status kwanza. Soma mistari kumi iliyo juu yake na kumi iliyo chini. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kumetokea nini. Kama bado unataka kuuweka status, uweke. Mara nyingi utajikuta hutaki, au utachagua mstari mwingine.

Na ukiweza, tafuta Biblia ya karatasi. Sina ugomvi na simu, ninayo. Lakini juzi nilikuwa Zaburi ya 23, nimelazwa kwenye majani mabichi, kando ya maji ya utulivu, ujumbe ukaingia kwamba salio langu la vifurushi linakaribia kwisha.

Huyo wa chumbani, mwambie aje msome wote. Amekuchoma, lakini inaelekea anajua kitu.

*Mwalimu, naandika kutoka Korogwe. Mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Alipougua tulifunga, tulisali, watu wa kanisa walikuja usiku na mchana, mtumishi mmoja alitutabiria kwamba ataamka. Hakuamka. Baada ya mazishi mtumishi yule alimwambia dada yangu kwamba imani yangu ilikuwa na mashaka ndiyo maana. Tangu hapo nikishika Biblia mikono inakuwa mizito. Kanisani naenda kwa sababu ya watoto. Nisaidie.*

Pole, mama. Pole sana.

Nianze na huyo mtumishi. Amekukosea, na amemsingizia Mungu. Katika Marko 9 kuna baba aliyemleta mtoto wake kwa Yesu akasema waziwazi, *Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu*. Yesu hakumwambia akaongeze imani kwanza kisha arudi. Alimponya mtoto. Basi mashaka si kipimo cha nani apone na nani azikwe, na mtu yeyote asikutwishe kaburi la mume wako.

Wangu alifariki mwaka 2006. Sitaeleza yote. Tulizunguka hospitali, nami nilifunga siku nyingi kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu wa wakati ule, na nilikuwa nimeshamwambia Mungu nitakachofanya kumshukuru. Baada ya arobaini kupita, nyumba ikiwa imebaki kimya, nilikaa kitandani nifanye ibada yangu kama kawaida, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane. Mimi, mwalimu wa kipaimara. Watoto nawafundisha Sala ya Bwana mchana, usiku siwezi kuisema.

Nakuambia yaliyonishikilia, si kwamba yatakufaa yote. Moja ni Kitabu cha Sala. Sisi Waanglikana tunacho, na ujana wangu nilikuwa nakiona kikavu, sala za kusoma, za watu waliokufa zamani. Mwaka ule niliona faida yake. Nilipokuwa sina maneno yangu, niliazima. Nilisoma tu, kwa sauti bapa, kama mtu anayesoma orodha ya bei, nikifunga kitabu nalala. Jingine ni Zaburi ya 88. Isome siku utakayoweza. Zaburi nyingi za kilio, hata ile ya 13 inayoanza *Ee BWANA, hata lini utanisahau*, mwishoni zinageuka, zinaimba. Ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio na inaishia gizani, neno lake la mwisho ni giza. Nilipoiona nilishangaa kwamba waliokusanya Zaburi waliiacha iwemo. Nikasema, kumbe hata hii ni sala. Na Bwana mwenyewe msalabani, katika maumivu yale, hakutunga maneno mapya. Alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, *Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?* Naye aliazima.

Na la tatu ni akina mama wa umoja wetu. Walikuwa wanakuja Alhamisi. Hawakunihubiria. Walikaa ukumbini tukabangua karanga, wakasemezana habari za mvua na za wakwe, na kabla ya kuondoka mmoja aliomba kwa maneno machache, mimi nikiendelea na karanga zangu. Waliomba kwa niaba yangu miezi minane bila kuniambia kwamba ndicho wanachofanya. Kama kanisani kwako wako wanawake wawili wa namna hiyo, wanaoweza kukaa bila kueleza, waite. Yule mtumishi asiwemo.

Biblia kama ni nzito mikononi, usiishike. Mwambie mtoto wako mmoja akusomee mistari mitano jioni, wewe sikiliza ukichambua mchele. Na mama, kama hulali, chakula hakipiti, siku zinakwenda na mwili unaisha, nenda hospitali ukaonane na daktari umweleze hivyo hivyo ulivyoniandikia. Huko nako si kukosa imani.

Ilivyorudi sala yangu? Sikumbuki siku. Nakumbuka nilikuwa kisimani, naona mvua inakuja upande wa milima, nikasema, "Ahsante." Kisha nikashtuka kwamba nimesema na Mtu.

*Habari yako Mwalimu. Mimi ni msomaji wako kutoka Voi. Kanisani kwetu vijana wanatumia Biblia ya Kiingereza, nami nimeng'ang'ania Union Version ya Kiswahili. Watoto wangu wananicheka. Juzi tulikuwa na Mathayo 6:6 wakaniuliza "atakujazi" ni nini, nikakosa jibu. Ninunue Biblia gani?*

Njema, karibu kibarazani. Kujazi ni kulipa mema, kutoa thawabu. *Na Baba yako aonaye sirini atakujazi.* Waambie watoto umeulizia Dodoma ukajibiwa.

Usiiache Union Version. Wewe wa Pwani na Taita unaweza usijue ni kiasi gani imetoka kwenu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kutafsiri Mwanzo. Askofu Steere akafanya kazi yake kwa Kiswahili cha Unguja, Agano Jipya likatoka 1879 na Biblia nzima 1891, yeye akiwa ameshafariki. Mombasa nao wakawa na yao, 1914. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mkristo wa Mombasa na wa Unguja walikuwa na Biblia mbili za lugha moja. Union Version, Agano Jipya 1950 na Biblia yote 1952, ilikuja kuwaketisha mkeka mmoja, ndiyo maana ya jina lake. Mkisoma Zaburi kwa sauti humo, utasikia mwendo ambao tafsiri nyingine hazina.

Nunua na Biblia Habari Njema, uziweke pamoja. Moja ya kueleweka, moja ya kukaririwa. Ukiona zimetofautiana sana mahali, hapo ndipo pa kukaa na watoto mkaulizana. Hao vijana wa Kiingereza waacheni wasome, ila wewe siku yao waulize "righteousness" ni nini, uone kama na wao hawatakosa jibu.

*Mwalimu mwenzangu, sisi ni rika, nami nimestaafu, niko Manyoni. Nikisali kwa Kiswahili nasikia kama nahutubia mkutano wa kijiji. Nikisali Kigogo, machozi yananitoka. Kijana wangu mkubwa anasema Kigogo kinaharibu ibada ya nyumbani, wajukuu hawaelewi. Pili, goti la kulia halikunjiki tena na nimefundishwa tangu mtoto kusali kwa magoti. Tatu, niombee.*

Kaka yangu, hili la kwanza wewe na kijana wako mmepatia wote. Ibada ya nyumbani iwe ya Kiswahili, wajukuu wasije wakafikiri Mungu wa babu ni mwingine. Ukiwa peke yako, Kigogo. Siku ya Pentekoste watu walishangaa kusikia kila mmoja lugha aliyozaliwa nayo, na inawezekana wengi wao Kiyunani cha sokoni walikuwa wanakielewa vizuri tu. Mimi mama mkwe wangu alisoma kwa Kiswahili mpaka kufa, lakini usiku nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta anamwita Mulungu.

La goti: Sulemani alipiga magoti, ni kweli. Hana alisali amesimama. Na Daudi, katika Samweli wa Pili sura ya 7, *akaingia, akaketi mbele za BWANA*. Aliketi. Tafuta kiti chenye mgongo, ukae kama Daudi.

La tatu nimeshalifanya. Nina daftari la shule, lile la kurasa 80, kila siku ya juma ina kurasa zake. Upande wa kushoto jina, wa kulia tarehe niliyoanza, na nafasi ya kuandika lililotokea. Nafasi nyingine ziko wazi kwa miaka 19 sasa. Wewe uko Jumanne, chini ya fundi cherehani na juu ya mama wa Korogwe. Goti la kulia, umesema?